Mgonjwa wa Moyo Anapokonda

Hapa Arusha na vijiji vya Meru twawaona jamaa wakifurahi mgonjwa wao wa moyo, aliyekuwa mnene, anapokonda. Kweli, unene huleta presha, na presha huuchosha moyo. Lakini moyo ukishashindwa kazi, anayekonda bila kukusudia yumo hatarini zaidi: mwili unajila wenyewe. Tafiti nyingi zimewaona wagonjwa wanene wakiishi muda mrefu kuliko wembamba. Msishangilie vitambi! Mwaka 2023 watafiti walipolinganisha kiuno na kimo, nafuu hiyo karibu ilitoweka. Mizani nayo hudanganya, maana maji ya miguuni huficha nyama iliyokwisha. Kilo 2 zikiongezeka kwa siku 3 ni maji, mleteni hospitali. Akikataa hata loshoro, nguo zikamlegea, mleteni vilevile.