Mshauri nasaha husomea nini kabla ya kukaa na wewe?

Kijijini, mtu akilemewa na mawazo humwendea mzee, shangazi au kiongozi wa dini. Wengi husaidika. Lakini kuna wakati mtu halali, hali, au anasema heri afe. Hapo anahitajika aliyesomea kazi hiyo. Je, husomea nini?

Nchini Kenya, wengi wanaofika mbali katika kazi hii huanza na shahada ya kwanza, kisha shahada ya uzamili ya saikolojia ya ushauri nasaha. Vyuo vikuu vya Daystar na USIU-Africa ni baadhi ya vinavyoifundisha. Kwa kawaida huchukua miaka miwili, na zaidi kwa anayesoma huku akifanya kazi.

Darasani hujifunza jinsi mtu anavyokua tangu utotoni, dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, uraibu wa pombe, na majeraha ya moyo baada ya msiba au ukatili. Hujifunza pia maadili ya kutunza siri.

Kisha huja mazoezi, na hapa ndipo pagumu. Mwanafunzi huketi na watu wenye shida za kweli, hospitalini au shuleni, chini ya msimamizi mwenye uzoefu. Baadaye huulizwa: kwa nini ulimkatiza yule mama alipoanza kulia? Mbona uliharakisha kumwambia la kufanya? Mara nyingi yeye mwenyewe hutakiwa kwenda kwa mshauri, asije akamtwisha mgeni wake machungu yake. Kusikiliza bila kuhukumu ni ujuzi, na huchukua muda kuupata.

Masomo pekee hayatoshi. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka anayefanya kazi hii asajiliwe na awe na leseni.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kumfungulia mtu moyo wako, muulize: Ulisomea wapi? Leseni yako iko wapi? Siri yangu utaitunzaje? Mshauri wa kweli hatakasirika. Atakueleza pia kwamba maisha yakiwa hatarini, huenda akalazimika kuwaambia wengine. Dawa hakuandikii, hiyo ni kazi ya daktari, naye atakuelekeza kwake ikihitajika.

Na mtu akisema anataka kujiua, usingoje miadi. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.