Mzinga Uani: Sheria Yasemaje?

Anayetundika mzinga kwenye mkorosho wa uani, Masasi au Newala, hujiona yuko kwake. Sheria ya Ufugaji Nyuki Namba 15 ya mwaka 2002 inautambua ufugaji, hata hifadhi za nyuki za vijiji. Hata hivyo, halmashauri nazo zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Kanuni ya Adhabu inakataza kero kwa umma.

Tena Makondeni maji ni ya shida tangu zamani. Nyuki naye hunywa. Akikosa kwako ataifuata ndoo ya jirani, na hapo ndipo watoto huumwa. Basi muone kwanza afisa nyuki, kisha jirani, na maji yawekwe karibu na mzinga. Mwenye kiwanja kidogo afuge nyuki wadogo wasiouma, ingawa asali yao ni haba.