Misimu ya Vijana Mtandaoni na Hofu ya Wazazi Kilimanjaro

Misimu, ambayo baadhi ya wataalamu huiita simo, ni maneno na semi zinazozuka katika kundi fulani la watu, zikatumika kwa muda na kwa maana ambayo walio nje ya kundi hilo hawaipati kwa urahisi, kisha zikafa au zikapanda daraja na kuingia katika Kiswahili cha kila mtu. Wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hufundishwa kwamba iko misimu ya pekee, inayotumiwa na watu wachache walio karibu kama wanafunzi wa bweni moja, iko misimu ya kitarafa, inayofungwa na eneo, na iko misimu zagao, ambayo imeenea nchi nzima. Mgawanyo huo ulifaa wakati neno lilipohitaji utingo wa basi, mwanafunzi arudiye likizo au wimbo wa redioni ili litoke Kariakoo, Dar es Salaam, lifike Mwika, Kilimanjaro. Leo neno linalozuka asubuhi Dar es Salaam katika video ya TikTok linaweza kusikika jioni ileile katika mitaa ya Moshi ya Majengo, Pasua na Kiborloni, na kabla ya wiki kwisha likawa limepanda mlimani hadi Marangu na Tarakea, kwa hiyo mzazi wa Moshi anayelalamika kwamba hamwelewi mwanawe analalamikia jambo la kweli.

Hata hivyo, hofu ya wazazi imebeba mambo mawili yasiyofanana, ingawa kwa kawaida husemwa kwa pumzi moja. La kwanza ni kwamba kijana anaharibu lugha, hivyo atakwama masomoni. La pili ni kwamba nyuma ya maneno ambayo mzazi hayajui yupo mtu ambaye mzazi hamjui. Jambo la kwanza limetiwa chumvi kwa miaka mingi, ilhali la pili, ambalo ndilo lenye madhara, huachwa mpaka lifike kituo cha polisi.

Kinachowaudhi zaidi wazazi na walimu ni tahajia. Kijana huandika xaxa badala ya sasa, cjui badala ya sijui, w2 badala ya watu, k2 badala ya kitu na 7bu badala ya sababu. Tahajia hii ilikulia katika ujumbe mfupi wa simu, ambao kiufundi ulikuwa na nafasi ya herufi na alama 160 tu, na ambao kila mmoja ulilipiwa, kwa hiyo kufupisha neno kulikuwa kubana matumizi. Lakini mifano hiyo ikitazamwa kwa makini inaonyesha mambo ambayo kubana matumizi peke yake hakuwezi kuyaeleza, kwani katika w2 tarakimu husomwa kwa Kiingereza huku neno likibaki la Kiswahili, katika 7bu tarakimu husomwa kwa Kiswahili, na katika cjui herufi ya kwanza hutajwa kwa jina lake la Kiingereza, na kijana anayesoma hupita katika njia zote tatu bila kupotea. Xaxa nayo haipunguzi hata herufi moja. Ni pambo, na kazi yake ni kuonyesha kwamba aliyeandika ni mwenzao. WhatsApp haina kikomo cha herufi 160, lakini tahajia hizo hazikutoweka ilipoingia, na hilo linatosha kuthibitisha kwamba kilichobaki ni mtindo.

Swali la kama mtindo huo unadumaza uwezo wa kusoma limechunguzwa nje ya Afrika. Mwaka 2009 Beverly Plester, Clare Wood na Puja Joshi walichapisha utafiti uliohusu watoto 88 wa Uingereza wenye umri wa miaka 10 hadi 12, wakaona kwamba waliotumia zaidi vifupisho vya ujumbe wa simu ndio waliokuwa wasomaji bora wa maneno. Matokeo ya watoto wa Kiingereza hayawezi kubandikwa moja kwa moja kwa mwanafunzi wa kidato cha pili huko Kibosho, Kilimanjaro, lakini sababu yake inaeleweka katika lugha yoyote: anayefupisha kwa kufuata sauti hana budi kuzijua sauti za neno na herufi zinazoziwakilisha. Mwanafunzi anayeandika cjui katika insha ya Kiswahili hajasahau sijui. Kosa lake ni la rejesta, yaani matumizi ya lugha kulingana na mahali, shughuli na uhusiano wa wahusika, na rejesta ni mada ambayo mwalimu wake wa Kiswahili tayari anaifundisha. Kosa la namna hiyo husahihishwa darasani, wala halihitaji fimbo.

Kuhusu maneno yenyewe, historia ya Kiswahili cha Tanzania haiungi mkono wasiwasi wa wanaodhani lugha inaoza. Jina daladala, ambalo leo hakuna anayeliona la kihuni, lilitokana na dala, jina la mitaani la shilingi tano zilizokuwa nauli ya mabasi madogo katika miaka ya 1980. Kuchakachua kulihusu kwanza mafuta yaliyochanganywa kwa hila, kisha wakati wa uchaguzi mkuu wa 2010 neno hilo likahamia kwenye kura na kuingia katika magazeti. Mwaka 2006 wanaisimu Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha uchambuzi wa lugha ya mitaani ya Tanzania pamoja na orodha ndefu ya msamiati wake, na anayeipitia sasa hukuta maneno mengi ya wahuni wa wakati ule yakisemwa na wazazi wa leo, ambao ndio hao hao wanaoshtushwa na watoto wao. Mlima Kilimanjaro wenyewe umechangia. Mangi, cheo cha watawala wa Wachaga, wenyeji wa mlima huo, ambacho mamlaka yake ya kiserikali yalikoma muda mfupi baada ya uhuru, kimekuwa mitaani jina la mwenye duka, hata kama hajawahi kukiona kilele cha Kibo.

Jambo ambalo husahaulika mara nyingi ni kwamba usemi wa siri wa vijana haukuletwa na simu. Katika pwani ya Waswahili kulikuwa na kinyume, mchezo wa kuhamisha silabi ya mwisho na kuiweka mwanzoni ili nyumba iwe mbanyu. Otto Raum, mtoto wa mmisionari aliyekulia Kilimanjaro, alichapisha mwaka 1937 makala kuhusu namna watu wa Afrika Mashariki walivyopindua maneno kwa makusudi, na miaka mitatu baadaye kitabu kizima kuhusu malezi ya watoto wa Kichaga. Kabla yake Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri, alikuwa ameandika kwa kirefu mafundisho waliyopewa vijana wa Kichaga katika jando na unyago, mafundisho yaliyosemwa kwa mafumbo na kwa nyimbo, na ambayo baadhi yake yaliongozwa na mregho, fimbo iliyochongwa mikato ambayo kila mmoja ulibeba fundisho lake. Mambo ya mwili, ya ndoa na ya uzazi yasiyotajwa hadharani yalifundishwa humo. Tofauti kubwa kati ya enzi ile na hii iko hapo. Lugha ya siri ya ujana ilikuwa na mlezi: mtu mzima aliyejulikana na ukoo ndiye aliyekuwa na ufunguo wake, naye aliwajibika kwa alichokifundisha. Hakuna haja ya kurudisha jando la kale pamoja na maumivu na makosa yake, lakini nafasi ya mlezi yule imebaki wazi katika familia nyingi, na mtandao umeikalia bila kuulizwa na mtu.

Pengo hilo linaonekana zaidi katika nyumba za miteremkoni. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, mara nyingi kinakaliwa na bibi anayesema Kichaga cha Rombo, cha Vunjo au cha Machame, huku mjukuu wake akilelewa hapo kwa sababu wazazi wanatafuta riziki Arusha au Dar es Salaam. Bibi na mjukuu hukutana katika Kiswahili, lugha ambayo mmoja huitumia kwa adabu ya kanisani na mwingine huipata kwenye simu, kwa hiyo hata bila misimu kuna mengi yasiyosemeka kati yao. Vijana wengine wako shule za bweni, ambako simu kwa mwanafunzi ni marufuku, na likizo inapofika hujitahidi kufidia kwa wiki nne kila walichokosa kwa miezi. Desemba, wakati Wachaga wanapopanda nyumbani kwa Krismasi na Watanzania wengine kuwatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa, binamu wa mjini na wa mlimani hulala chumba kimoja, bando la mmoja likatumiwa na wote, na mtoto wa miaka 12 akajifunza kwa usiku kadhaa tu msamiati wa kijana wa miaka 18.

Sehemu kubwa ya msamiati huo ni ya kawaida kabisa: pesa, mavazi, muziki, mpira, sifa za rafiki. Sehemu ndogo si ya kawaida, nayo ndiyo inayostahili macho ya mzazi. Mkeka katika kinywa cha kijana wa leo ni orodha ya mechi alizozibetia, na anayesema mkeka wake umechanika amepoteza fedha katika mchezo ambao sheria ya Tanzania hairuhusu uchezwe na mtu aliye chini ya miaka 18. Danga ni mtu mwenye fedha anayehudumia msichana kwa kutaka mwili wake, na neno hilo, kwa sababu husemwa kwa kicheko, humfunika mtu mzima anayetenda jinai pindi msichana anapokuwa mtoto. Koneksheni, neno lisiloshtua sikio la mzazi yeyote, hutumika kwa video za faragha zilizovuja na zinazopitishwa katika makundi ya Telegram na WhatsApp. Mtoto akiwa ndani ya video hiyo, anayeisambaza anavunja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mwanafunzi anayemtumia mwenzake kwa utani hajaondolewa katika sheria hiyo.

Mzazi anayejaribu kukariri maneno haya atachelewa daima, kwa kuwa neno likishajulikana na wazee vijana huliacha. Kinachodumu ni jambo ambalo neno linaomba. Fedha, picha, usiri na mwaliko wa kukutana ni mambo manne ambayo hayabadiliki hata maneno yakibadilika kila mwezi, na bibi wa Mamba huko Kilimanjaro asiyejua msimu hata mmoja anaweza kumuuliza mjukuu wake nani anamtumia vocha, na kwa nini. Ripoti iliyotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ilieleza kwamba asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa watumiaji wa intaneti, na kwamba asilimia 4 ya watumiaji hao walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono wa wazi kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Asilimia 4 huonekana ndogo hadi inapogeuzwa kuwa watoto: katika kila darasa la wanafunzi 50 wanaotumia intaneti, ni wawili.

Kumpokonya mtoto simu pale anapotamka neno lisilojulikana humfundisha jambo moja tu, kwamba asitamke tena mbele ya mzazi, na ukimya huo ndio anaouhitaji mtu mwenye nia mbaya. Zaidi ya hayo, kitambulisho cha taifa kinachotumika kusajili laini hutolewa kwa waliotimiza miaka 18, hivyo laini iliyo mkononi mwa mwanafunzi kwa kawaida iko kwa jina la mtu mzima, na mtu mzima huyo ana haki na wajibu wa kujua inafanya nini. Mzazi aulize maana ya neno kama anayetaka kujifunza, avumilie jibu, na pale jibu linapohusu picha au fedha kutoka kwa mtu mzima, asifute ujumbe wala asimalize shauri kwa vikao vya ukoo, bali aupeleke kama ulivyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto nchini kote, hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.