Eropleni za Mabawa ya Ghorofa na Jinsi Zilivyofundisha Marubani



Kila ndege ya Entebbe inapokuja kutua hapa Arua, swali moja huzuka bwenini kwetu. Mtu ajifunzaye baiskeli huanguka, akajikung'uta vumbi, akapanda tena. Ajifunzaye lori aweza kusimama kando ya njia. Je, ajifunzaye kurusha eropleni akikosea hewani, atasimama wapi? Nimelitafuta jibu vitabuni, na nimeona kwamba lilianza kupatikana mwaka 1917, likakamilika katika miaka iliyo kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Lina sehemu mbili: mwalimu mwema na chombo chenye kusamehe.

Kwanza nieleze habari ya mwalimu. Katika Vita vya Kwanza vijana wengi wa Uingereza walikufa wangali wanafunzi, kabla ya kumwona adui. Mwaka 1917 ofisa mmoja, Robert Smith-Barry, alianzisha mtindo mpya wa kufundisha mahali paitwapo Gosport. Mwalimu na mwanafunzi walipanda eropleni moja, aina ya Avro 504, mmoja akakaa mbele na mwingine nyuma, kila mmoja na usukani wake. Mwalimu alisema katika bomba, na sauti yake ikafika masikioni mwa mwanafunzi ijapokuwa injini ilikuwa ikinguruma.

Smith-Barry hakutaka mwanafunzi afichwe hatari. Alitaka aonyeshwe hatari, lakini juu sana, penye nafasi. Eropleni ikipunguza mwendo kupita kiasi, mabawa hushindwa kuibeba, nayo yaweza kuanza kuanguka huku ikizunguka kama pia. Zamani marubani wengi waliona kuwa hiyo ni kufa. Kwa mtindo wa Gosport mwalimu aliizungusha makusudi, kisha akamfundisha mwanafunzi kuituliza. Aliyekwisha kuitoa eropleni katika mzunguko ule kwa mikono yake mwenyewe hakuuogopa tena kama zamani.

Sasa habari ya chombo. Tarehe 22 Februari 1925 Geoffrey de Havilland alirusha kwa mara ya kwanza eropleni ndogo aliyoiita Moth, jina la mdudu anayefanana na kipepeo, arukaye usiku. Ilikuwa nyepesi, na mabawa yake yaliweza kukunjwa nyuma ili iingie katika banda dogo. Mwaka ule ule serikali ya Uingereza ilianza kuvisaidia vilabu vya watu wa kawaida kujifunza urubani, na Moth ikawa chombo chao. Tarehe 26 Oktoba 1931 ilifuata ndugu yake, Tiger Moth, ambayo ilitengenezwa zaidi ya 8,000. Nchi nyingine nazo zilikuwa na zao: Urusi ilikuwa na U-2 ya Polikarpov, Ujerumani Bücker Jungmann ya mwaka 1934, na Marekani Stearman ya mwaka ule ule.

Kwa nini zote hizo zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine? Chukua ubao mmoja mrefu na mwembamba, ushike upande mmoja, utapinda. Chukua mbao mbili, uziweke moja juu ya nyingine kwa nafasi, uzifunge kwa vijiti na nyaya za kukingamana. Utapata kitu kama sanduku, chepesi lakini kigumu. Hivyo ndivyo mabawa yale yalivyofungwa. Mbavu zake zilikuwa za mti, zikavikwa kitambaa, na kitambaa kikapakwa dawa iliyokivuta kikakaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Kikichanika, fundi alishona kiraka, akapaka dawa, kazi ikaendelea.

Faida ya pili ni mwendo. Mabawa mapana huibeba eropleni hata ikienda polepole. Tiger Moth hubaki hewani mpaka mwendo ushuke karibu na kilomita 70 kwa saa, na lori lipakialo mizigo ya Koboko hupita mwendo huo likipata barabara nzuri. Kwa hiyo mwanafunzi alipotua vibaya, mara nyingi alivunja gurudumu au ncha ya bawa, si shingo. Ikienda mwendo wake wa kawaida, kama kilomita 145 kwa saa, ingeweza kutoka Koboko mpaka Arua kwa dakika ishirini hivi.

Vyombo vyake vilikuwa vichache. Petroli ilikaa katika tangi lililo katikati ya bawa la juu, ikashuka yenyewe mpaka injini, bila pampu. Injini iliwashwa na mtu aliyesimama mbele, akaizungusha propela kwa mkono, kisha akaruka nyuma upesi. Breki hazikuwako. Rubani alikaa wazi, upepo usoni, naye alijifunza kusikia kwa mwili wake kama eropleni yateleza upande au yapungukiwa na mwendo.

Lakini msamaha una mpaka. Mwezi wa Machi 1928 huko Nairobi, mama mmoja aitwaye Maia Carberry alikuwa akimfundisha Dudley Cowie katika Moth. Eropleni ilianguka, wakafa wote wawili. Karibu na ardhi hakuna nafasi ya kusahihisha kosa. Tena nchi zetu zi juu: Arua iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na Nairobi yaizidi. Hewa ya juu ni nyepesi, hasa mchana wa jua kali; bawa hubeba kidogo na injini hupungua nguvu, hata eropleni huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka.

Basi, chombo cha kujifunzia kilikuwako Afrika ya Mashariki tangu zamani. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways huko Nairobi, akiwa na Gipsy Moth moja tu. Mwaka 1931 eropleni kubwa za Imperial Airways, nazo za mabawa ya ghorofa, zilianza kuleta barua kutoka Uingereza mpaka Mwanza, zikiufuata mto Nile na kupita Juba. Wazee wetu waliweza kuziona. Walioketi penye usukani walikuwa Wazungu. Mtoto wa Kiafrika hakukosa macho wala mikono wala akili; alikosa nafasi katika kile kiti cha pili.

Pengine mlango ulipofunguliwa kidogo, tazama yaliyotokea. Mwaka 1930 Ethiopia ilipata marubani wake wa kwanza, Mishka Babitcheff na Asfaw Ali. Huko Kairo, penye Nile hii hii ipitayo Pakwach na Rhino Camp, msichana Lotfia El Nadi alitaka kurusha eropleni, baba yake asikubali. Akaomba kazi katika ofisi ya shule ya urubani, akawa akipokea simu, na kwa kazi hiyo akalipia masomo yake. Mwaka 1933 alipewa cheti. Chombo hakikumwuliza yu mtoto wa nani. Kiliuliza kama amejua kulinda mwendo wake.

Kwetu sisi mlango ulichelewa. Mwaka 1971 chuo cha urubani kilifunguliwa Soroti kwa ajili ya Uganda, Kenya na Tanzania. Wakati huo eropleni za kufundishia zilikuwa za chuma na bawa moja, lakini viti vilikuwa viwili na usukani ulikuwa wa pande mbili, kama pale Gosport. Bomba la sauti limekwisha kuondoka, na mahali pake pana redio. Mpango wenyewe haukubadilika.

Wenzangu mnaochoka na hesabu za pembe, fizikia na ramani, hayo ndiyo mambo ambayo rubani huulizwa kwanza, kabla ya kugusa usukani. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio na kazi na kauli, mkiona kijana wa West Nile ana moyo wa masomo hayo, msaidieni kukifikia kiti cha pili. Yaliyobaki atajifunza mwenyewe, mwalimu akiwa karibu.