Soko linalomfuata mnunuzi katika jangwa la Marekani

KWA mkazi wa nchi ya Wanavajo, kusini magharibi mwa Marekani, safari ya kwenda kununua kabichi moja huenda ikammalizia nusu ya siku. Eneo hilo, ambalo limeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, lina takriban kilomita 71,000 mraba, ukubwa unaokaribiana na ule wa Kaunti ya Turkana. Hata hivyo, idadi ya maduka makubwa ya vyakula inayotajwa mara kwa mara ni 13 pekee. Ukigawanya ardhi hiyo kwa maduka hayo, kila moja linahudumia zaidi ya kilomita 5,000 mraba. Katikati yake kuna vituo vya petroli vinavyouza soda, viazi vya pakiti na nyama ya mkebe, na hivyo ndivyo vinavyotuliza njaa ya wengi kati ya safari moja ya mjini na nyingine.

Ni katika mazingira ya namna hiyo ambapo wazo la soko linalotembea limepata mashiko. Gari, aghalabu lori dogo au basi kuukuu lililong'olewa viti, huwekwa rafu, friji, mizani na mashine ya kusomea kadi. Hupakia mboga, matunda, mayai na maharagwe kutoka kwa wakulima wa karibu, kisha huzunguka vijijini na kusimama mahali ambapo watu hukutana kwa shughuli nyingine: penye zahanati, shule, kanisa au ukumbi wa mikutano. Baada ya saa mbili au tatu huondoka kuelekea kituo kinachofuata.

Msomaji wa Kenya anaweza kusema kwamba hilo si jipya. Magulio yetu huzunguka kwa siku za wiki tangu enzi za mababu, na gari aina ya Probox lililosheheni nyanya na vitunguu si kioja kwa yeyote. Tofauti ni kwamba katika gulio muuzaji na mnunuzi wote hufunga safari hadi uwanjani, na ni wingi wao unaoifanya safari hiyo iwe na faida. Katika soko linalotembea mnunuzi hasafiri, au husafiri hatua chache tu. Gharama yote ya umbali huhamia kwa muuzaji, na hapo ndipo panapoanzia taabu itakayoelezwa hapa chini.

Kinaya cha habari hii ni kwamba wanaopelekewa mboga kwa lori walikuwa wakulima. Vijiji vya Wapueblo vilivyo kando ya mto Rio Grande vimelima mahindi, maharagwe na maboga kwa mifereji ya maji kwa karne nyingi. Wanavajo nao walikuwa na mashamba na mifugo, na katika bonde la Canyon de Chelly walikuwa na bustani za mipichi zilizosifika. Katika vita vya 1863 na 1864, vikosi vya serikali vilivyoongozwa na Kit Carson viliteketeza mazao yao na kukata mipichi kwa maelfu. Waliosalimu amri walitembezwa kwa miguu kwa mamia ya kilomita hadi kambi ya Bosque Redondo, ambako walizuiliwa hadi mkataba wa 1868 ulipowaruhusu kurudi kwao.

Kambini walilishwa kwa mgawo: unga mweupe, mafuta ya nguruwe, sukari na kahawa. Mkate wa kukaanga ambao leo wageni huuita chakula cha jadi cha Wanavajo, unaofanana na mandazi kwa sura, unahusishwa na mgawo huo. Kisha katika miaka ya 1930 serikali iliwapunguzia mbuzi na kondoo kwa nguvu kwa hoja ya kulinda udongo. (Wakamba wa Machakos walipatwa na sera kama hiyo mwaka wa 1938, wakaipinga chini ya Muindi Mbingu.) Tangu miaka ya 1970 serikali imekuwa ikigawa vyakula kwa familia maskini za jamii hizi, na kwa muda mrefu vilikuwa vya mkebe na vya pakiti. Katika mapito hayo ugonjwa wa kisukari umekita mizizi, kwa viwango vilivyo juu kuliko vya Wamarekani wengine.

Kwa hivyo, lori linapoegesha na kufungua milango, halikuti watu wasioijua mboga. Linakuta watu walionyang'anywa njia ya kuipata.

Mfano unaofunza mengi ni ule wa MoGro, jina lililofupishwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya duka la vyakula linalotembea. Ulianza mwaka wa 2011 katika kijiji cha Santo Domingo, kati ya miji ya Albuquerque na Santa Fe. Waasisi wake walikuwa Rick Schnieders na mkewe Beth. Schnieders hakuwa mgeni katika biashara ya chakula, kwani aliwahi kuiongoza Sysco, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za kusambaza vyakula duniani. Walishirikiana na kituo cha afya ya wenyeji asilia cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na chama cha ushirika cha La Montañita, ambacho tayari kilikuwa na uhusiano na wakulima wa eneo hilo.

Chombo chao kilikuwa lori refu lenye mitambo ya kudhibiti joto, ambalo mteja alipanda ngazi na kutembea ndani yake kama aliye dukani. Lilikwenda kwa ratiba, likaongeza vijiji vingine, na watu wakalipenda. Iwapo kuna mtu aliyestahili kuifanya biashara hiyo isimame kwa miguu yake yenyewe, ni yule aliyekuwa ameendesha maelfu ya malori ya chakula. Lakini miaka michache baadaye lori hilo liliachwa.

Sababu inaeleweka kwa hesabu ya kawaida, ambayo hapa inatolewa kwa mfano tu. Chukua lori linalogharimu dola 500 kwa siku, ukijumlisha mshahara wa dereva na msaidizi wake, mafuta, bima, matengenezo na umeme wa friji. Ikiwa katika kila dola ya mauzo linabakiwa na senti 25 baada ya kumlipa mkulima, basi lazima liuze bidhaa za dola 2,000 kabla ya jua kutua. Mteja akinunua vitu vya dola 20, wanahitajika wateja 100. Likisimama vituo viwili, ni wateja 50 kila kituo, katika saa mbili au tatu, siku ambayo wengi wako kazini. Upepo wa mchanga ukivuma au kukiwa na mazishi kijijini, wateja hao huwa 15.

Mtu atauliza: kwa nini bei isipandishwe? Kwa sababu mnunuzi analinganisha na soda na tambi za kituo cha petroli, na kipato chake ni kidogo. Basi mkulima apunguze bei? Mkulima huyo ana soko jingine mjini Santa Fe, ambako watalii na matajiri hulipa vizuri kwa fungu la karoti zenye majani yake. Kumwomba auze kwa hasara ili jirani yake ale ni kuhamisha umaskini kutoka nyumba moja hadi nyingine. Hiyo ndiyo fundo la jambo zima: chakula cha shamba la karibu kinapopelekwa kwa watu wachache, wenye pesa chache, walio mbalimbali, kuna pengo kati ya bei ya haki kwa mkulima na bei anayoimudu mnunuzi, na gari halilizibi pengo hilo. Mara nyingine hulipanua.

Badala ya lori, MoGro ilianza kupeleka vikapu. Familia huagiza mapema, mazao hupangwa katika masanduku, kisha hufikishwa katika vituo vichache vijijini kwa bei iliyofidiwa na wafadhili. Faida yake ni dhahiri. Mkulima huchuma kilichoagizwa tu, kwa hivyo hakuna spinachi inayonyauka kwenye rafu hadi jioni. Gari dogo hutosha, na halihitaji kungoja. Kinachopotea ni uhuru wa kuchagua. Yeyote aliyewahi kuminya parachichi gulioni kabla ya kulipa anajua kwamba uhuru huo si jambo dogo, hasa kwa jamii ambayo kwa zaidi ya karne moja imekuwa ikipewa chakula kilichochaguliwa na wengine.

Pengo la bei huzibwa kwa njia kadhaa. Kubwa kuliko zote ni SNAP, mpango wa serikali ya kitaifa wa kuzisaidia familia maskini kununua chakula, ambao hadi mwaka wa 2008 ulijulikana kama stempu za chakula. Mwaka wa 2025 waliokuwa wakiutegemea walikuwa takriban watu milioni 42. Soko linalotembea linaweza kupokea kadi ya mpango huo likiwa na idhini ya Wizara ya Kilimo, na liwe mahali penye mawasiliano ya simu, sharti ambalo bondeni mwa Arizona si la kudharauliwa.

Juu ya hilo kuna mpango wa kuongeza thamani ya kadi. Shirika la Fair Food Network liliuanzisha mjini Detroit mwaka wa 2009: mteja akitumia dola moja ya SNAP kununua mboga au matunda, huongezewa dola nyingine ya kununulia mazao zaidi. Sheria ya kilimo ya 2014 ilitenga fedha za kitaifa kwa mipango ya aina hiyo, na ile ya 2018 ikaupa mfuko huo jina la Gus Schumacher, aliyekuwa afisa mkuu wa Wizara ya Kilimo na mtetezi wa wakulima wadogo. Uzuri wake ni kwamba unampa mnunuzi nguvu bila ya kumpunguzia mkulima bei.

Wanavajo wenyewe hawakungoja serikali ya Washington. Mwaka wa 2014 baraza lao liliondoa ushuru wa mauzo wa asilimia 5 kwa mboga na matunda, kisha kuanzia Aprili 2015 likatoza asilimia 2 zaidi kwa vyakula visivyo na lishe, ukiwa ushuru wa kwanza wa aina hiyo nchini Marekani. Fedha zilizopatikana ziligawiwa mitaa 110 ya utawala wao kwa miradi ya afya. Wakosoaji waliuliza swali la haki: mtu atatozwaje kwa kununua soda ilhali duka lililo karibu halina kingine? Swali hilo ndilo linaloipa maana kazi ya kupeleka mboga, kwani ushuru bila ya njia mbadala ni adhabu tu.

Lipo pia suala la majira. Katika nyanda hizo za juu baridi kali hurejea mnamo Oktoba na huenda isiondoke hadi Mei. Wakati huo hakuna nyanya shambani. Soko likishikilia kuuza mazao ya karibu pekee, litafunga kwa miezi mingi, na mteja aliyezoea kulingoja Alhamisi atarudi kwenye kituo cha petroli asitoke tena. Kwa hivyo wengi huchanganya: viazi, maharagwe makavu, unga wa mahindi ya samawati na matufaha ya ghalani kutoka karibu, machungwa na ndizi kutoka mbali. Wapo wanaouona mchanganyiko huo kama usaliti wa lengo. Lakini anayemhudumia mama asiye na gari hana anasa ya kubishana kuhusu asili ya ndizi. Isitoshe, sehemu kubwa ya nyumba za Wanavajo hazina maji ya mfereji, na nyingine hazina umeme, hivyo basi anayenunua mboga za majani leo hawezi kuziweka akiba ya wiki mbili. Anahitaji gari lirudi.

Udhaifu wa mfumo huu ulijitokeza mwaka wa 2025. Mwezi Machi serikali ya Marekani ilifuta awamu mpya ya mpango ulioanzishwa chini ya Rais Biden wa kuyawezesha majimbo na jamii za wenyeji asilia kununua chakula kutoka kwa wakulima wa karibu. Mpango huo pamoja na mwenzake wa shule ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni moja. Novemba mwaka huo huo, shughuli za serikali zilipokuwa zimesitishwa kwa mzozo wa bajeti, malipo ya SNAP yalichelewa. Kwa supamaketi ya mjini, wiki mbili za kadi tupu ni hasara. Kwa gari la mboga ambalo wateja wake wengi hulipa kwa kadi hizo, ni friji iliyojaa mazao yanayooza.

Na kabla ya mnunuzi yupo mkulima. Mbegu za kiangazi huagizwa mwezi Januari, theluji ikiwa bado ardhini, na hapo ndipo anapoamua iwapo atapanda mistari 10 ya maboga kwa ajili ya vijiji au mistari miwili ya kupeleka Santa Fe. Mwenye gari akimwambia kwamba fedha za msimu ujao bado hazijathibitishwa, atapanda mistari miwili.