Sura ya Nne: Mgawanyo wa Kazi kati ya Mtoto na Msaidizi wa Nyumbani

Katika kaya nyingi za mijini nchini Tanzania, ambamo baba na mama huondoka alfajiri na kurejea jioni, msaidizi wa kazi za nyumbani, ambaye wengi humwita dada wa kazi, ni nguzo ya maisha ya familia. Hata hivyo, uwepo wake haumwondolei mtoto wajibu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika ibara ya 31, unamtaka mtoto, kwa kadiri ya umri na uwezo wake, afanye kazi kwa ajili ya mshikamano wa familia.

Kazi zinazomfaa mtoto ni za aina mbili. Kazi binafsi ni zile zinazohusu mwili na vitu vyake, kama vile kutandika kitanda, kufunga chandarua asubuhi, kufua soksi na kupaka viatu vya shule rangi. Hizi, mtoto akishaziweza, hazifai kurudishwa kwa msaidizi. Kazi za pamoja, kama kuosha vyombo na kufagia uwanja, humnufaisha kila mwanakaya, na hugawanywa kwa zamu.

Mgawanyo huu huvunjika mara nyingi kimyakimya: mtoto huacha sahani yake mezani, dada huiosha kwa kuhofia lawama, na mtoto hujifunza kwamba kazi iliyoachwa humalizwa na aliye chini. Kwa hiyo mzazi hana budi kutamka mbele ya wote wawili kwamba sahani hiyo itamsubiri mwenyewe, na kwamba dada ana haki ya kumkumbusha mtoto, ilhali mtoto hana mamlaka ya kumtuma dada.

Suala hili lina upande wa haki pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kila kazi anayoikwepa mtoto wa nyumba huongeza saa za msaidizi, ambaye pengine amemzidi umri kwa miaka michache tu. Mzazi anayemfundisha mwanawe kufua soksi zake humlea mtoto, na papo hapo humlindia mfanyakazi wake muda wa kupumzika.