Njia, Upwa na Mwitu: Maneno ya Mwenda kwa Miguu Pande za Mida

Mtu atokaye Watamu, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, akafuata ufuo mpaka Hori ya Mida, akapita kando ya mikoko na kupanda bara hadi Mwitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede, huwa amepita katika nchi za namna nne kwa mwendo usio mrefu. Siku hizi wageni wengi huenda huko kwa matembezi, na vibao vimesimamishwa ili kuwaelekeza. Katika makala hii nakusudia kueleza baadhi ya maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili ya mwendo wa namna hiyo, na kuonyesha kwamba maneno hayo si mapambo ya lugha tu, bali yamebeba maarifa ambayo mwenda kwa miguu akiyakosa aweza kudhurika.

Yafaa tuanze na neno njia lenyewe. Hili ni miongoni mwa maneno ya kale kabisa ya Kibantu. Wagiriama husema njira, Wanyarwanda inzira, Wazulu indlela; Kiswahili kimeidondosha ile konsonanti ya katikati, kama kilivyofanya katika maneno mengine mengi. Juu ya shina hilo ngeli zetu hufanya kazi yake: kijia ni njia ndogo, na ujia ni njia nyembamba, kwani ngeli ya U- aghalabu hubeba vitu virefu vyembamba, kama vile uzi, ufito na ukanda. Barabara, kwa upande wake, ni neno lililotoka Uajemi, nalo asili yake lina maana ya usawa. Hivyo lafaa kwa njia pana iliyonyoshwa, wala halifai kwa njia ya mwituni.

Sasa na tushuke ufuoni. Neno pwani limezoeleka mno hata maana yake ya asili imefichika. Shina lake ni -pwa, kitenzi kinachoeleza maji ya bahari yanapopungua na kurudi nyuma. Kutokana na shina hilo twapata upwa, yaani sehemu ya ufuo iachwayo wazi na maji. Kipwa, yaani mwamba au fungu la mchanga lionekanalo maji yakipwa. Na pwani, kwa kuongeza kiambishi -ni cha mahali. Basi pwani, kwa asili yake, ni mahali yanapopwa maji. Ni mahali penye saa zake. Tangu neno hili lianze kutumika kuwa jina la eneo zima, nasi tukasema "pwani yetu" badala ya "pwani petu", fikira ile ya maji yajayo na kuondoka imefifia katika masikio yetu.

Nilifundishwa jambo hili si katika chuo bali mchangani. Miaka michache baada ya kurejea kutoka masomoni ng'ambo, nilifika kando ya hori nikiwa na wanafunzi wawili na ramani nzuri, ambayo ilionyesha njia kwa mstari wa nukta uliokata moja kwa moja juu ya upwa. Tulimkuta mvuvi mzee akishona wavu wake. Nilimwamkia shikamoo, naye baada ya kuitika akaniuliza, "Mwanangu, leo ni bamvua au maji mafu?" Sikuwa na jibu. Akatuambia tukae kivulini. Haukupita muda mrefu, na pale ramani iliposema pana njia pakawa na maji ya kufika kifuani. Nami juma lile lile nilikuwa nimewaeleza wanafunzi wangu asili ya neno pwani!

Msomaji asiyekaa pwani yafaa aelezwe swali la mzee yule. Maji hujaa na kupwa takriban mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kiasi cha dakika 50 siku hata siku. Mwezi uandamapo, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Kenya tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kati ya vipindi hivyo huwapo maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Kwa hiyo njia ya upwani ya siku ya bamvua huenda isiwepo kabisa siku ya maji mafu, kwa kuwa maji hayapwi vya kutosha. Na ile ya bamvua yenyewe hufungwa kwa haraka zaidi. Maneno mawili tu humpa mwenda kwa miguu habari ambayo mshale wa kibao hauwezi kumpa.

Vivyo hivyo katika mikoko. Lugha nyingine huiita miti yote hiyo kwa jina moja, lakini watu wa pwani huitenga. Mlilana husimama mbele kabisa upande wa bahari; mkoko wenyewe hujulikana kwa mizizi yake iliyoinuka kama miguu ya buibui; mkandaa hupenda pande za juu, karibu na nchi kavu; na mchu huchomoza mizizi kama vijiti kutoka topeni. Mtu aliyepotea topeni, akijua majina hayo na miti yake, aweza kukisia kama anaielekea bahari au anaipa kisogo.

Tukivuka barabara kuu ya Mombasa na Malindi twaingia mwituni. Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, ndio mkubwa kuliko misitu yote ya pwani iliyosalia katika Afrika ya Mashariki. Penye mchanga mweupe humea mirihi, nako mwanga hupenya na mwendo ni mwepesi. Penye mchanga mwekundu vichaka husongamana. Humo hatuna budi kutenga njia na mapito. Njia hukatwa na watu, nayo hufika mahali. Mapito ni ya wanyama, na katika mwitu huu wamo ndovu. Mapito ya ndovu aghalabu ni mapana na safi kuliko njia ya watu, na mgeni asiyejua tofauti huyafuata kwa furaha. Huko Gede nako, mji wa mawe ulioachwa katika karne ya 17 na kuandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, mgeni apitaye chini ya miti baina ya kuta adhani yumo katika kijia cha mwituni, kumbe aweza kuwa amesimama katika kichochoro cha mji.

Liko pia suala la idhini. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo 11 kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ina njia zisizopitwa ovyo. Katika Kaya Kinondo, upande wa kusini wa Mombasa, mgeni hufungwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, wala hatoki njiani. Hapo njia ni ruhusa kabla ya kuwa mahali.

Nimeona kibao kilichoandikwa "NJIA" na mshale, basi. Neno ni sahihi, lakini halitoshi. Kibao cha upwani hakina budi kutaja bamvua na maji mafu. Cha mwituni kitenge njia na mapito. Cha kaya kiseme ni nani aombwe idhini. Kamusi zetu nazo, zinapoeleza upwa au mapito, zisitosheke na kisawe kimoja. Kazi hii haifanyiki mezani. Watafiti na watembee pamoja na wavuvi, wakata mikandaa na wazee wa kaya, wakiandika neno pale pale linapotumika, kwani wengi wa wajuzi hao ni watu wazima sana, na vijana wao tayari wanaitazama bahari kwa kutumia ramani za simu.